Nyumba Aliyokujengea

Tarehe 6 Februari

Mke mwenzangu,

Usishtuke, hakuna aliyekufa. Najua barua yangu ikifika utatafuta kiti kwanza, maana tangu tumzike mume wetu sijakuandikia hata nukta. Kaa tu. Nina shida ya kawaida.

Anayeniandikia ni muuza dawa wa hapa mkabala, kwa kuwa shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na kapu la mikate. Nimemwambia aandike kama ninavyosema. Alitaka kuanza na “mpendwa”, nikamwambia aache maneno ya harusi.

Nimeuza tanuri. Ndiyo, lile lile. Magoti yamegoma. Nikiinama kuingiza mikate, kuinuka mpaka niite watu. Kwa hiyo nimeliuza na kibanda chake na wateja wake, fedha ziko benki, na wanangu wananizunguka kama nzi kwenye bakuli la sukari. Wa kwanza anataka lori. Anasema lori litanilisha. Lori! Kitu kinachokunywa kabla hakijaamka! Mimi nataka nyumba ya kupangisha, vyumba vitano sita, nikae nimenyoosha miguu, kodi inanifuata. Hapa kwetu haiwezekani. Wapangaji wa hapa wote ni ndugu, na ndugu ukimdai kodi anakuletea mgonjwa wa kulea. Huko mjini watu hawajuani, kwa hiyo wanalipa.

Ningekuwa na mtu mwingine huko nisingekusumbua, unalijua hilo. Lakini huko nina wewe tu. Basi nitembelee mitaa. Nyumba baadaye, kwanza mtaa. Maji yanatoka au yanahadithiwa? Watu wanakaa au wanapita? Mvua ikinyesha, nani anatoa vyombo nje?

Sharti langu ni moja. Mtaa usiwe chini ya huo wako. Wewe marehemu alikujengea nyumba, mimi akaniachia tanuri lenye ufa, nikauziba mwenyewe. Sikusema kitu. Haya, nilisema kidogo. Lakini nyumba yangu ikiwa mbovu kuliko yako sitalala, na wewe nitahakikisha hulali.

Wajukuu hawajambo. Yule wa mwisho ameota meno mawili, anauma kama mama yake.

Ni mimi,
Mke Mkubwa


Tarehe 21 Februari

Dada mkubwa,

Shikamoo. Kiti nilikitafuta kweli, na maji ya kunywa pia.

Pole kwa magoti, pole kwa tanuri. Marehemu alikuwa akirudi kutoka kwako na mikate imefungwa kwenye mashati yake, mashati yote yananuka hamira, na mfuaji ni mimi. Mkate wa dukani nikimwekea aliutazama kama mtu aliyeandaliwa tofali. Kwa hiyo hilo tanuri nalijua vizuri kuliko unavyodhani.

Nimeanza kutembea. Kazi yangu bado ni mapazia, kwa hiyo mitaa naiingilia madirishani, sina haja ya kujifanya mnunuzi. Mtu mwenye nia ya kukaa huniita kupima dirisha hata mizigo hajaifungua. Mtu wa kupita hupigilia shuka kwa misumari. Nikifika mtaa mpya sihoji mtu. Natazama juu, nahesabu misumari.

Mtaa wa nyuma ya stendi: vyumba havikai vitupu hata siku mbili, na hapo ndipo dalali atakuvutia. Usikubali. Ni shuka mtaa mzima. Dirisha moja nimeliona na shuka ya maua, kisha ya mistari, kisha gazeti. Wanahama na kodi yako, na balbu juu.

Mtaa wa ng'ambo ya daraja: mpya, watu wenye familia, wanaulizia bitana ya pazia, wanabishana rangi mume na mke. Mdogo wangu anakaa huko. Mvua ikizidi daraja linafunikwa, watu wanakwenda kazini viatu mkononi, lakini jioni wanarudi. Hapo ningenunua.

Nisalimie wajukuu. Huyo wa meno mawili mwache aume, atayahitaji.

Mdogo wako,
Mke Mdogo


Tarehe 3 Machi

Mke mwenzangu,

Muuza dawa amenisomea barua yako mara mbili. Ya pili nilimwambia asome taratibu, maana kuna mahali umeficha kitu.

Umetaja stendi, umetaja ng'ambo ya daraja. Mtaa wako mbona umeuruka kama mwenye viatu vipya anavyoruka dimbwi? Bahasha imeandikwa nyuma ya hospitali. Mtaa wenye hospitali una manesi, una madaktari, watu wa mshahara. Hilo hata asiyejua kusoma analijua, na ninayelisema ni mimi.

Unaogopa nini? Kwamba nikinunua jirani nitaona bati lako?

Hilo bati nimeliona siku nyingi. Hiyo nyumba yako nimeijenga kichwani miaka yote, wakati mikate inaumuka. Ina baraza la saruji nyekundu. Ina madirisha mawili mbele na mlango wa kijani. Rangi nimeshaipaka mara tatu. Mwisho wa mwezi mume wetu alipokuja kwangu na saruji kwenye kucha, nilikuwa najua, leo wameweka sakafu. Namwekea maji ya kunawa huku nahesabu: sakafu tayari, bado dari. Yeye anakula, mimi nakupigia lipu.

Muuza dawa ananiuliza kama kweli aandike haya. Andika! Na usitoe macho.

Sitaki ng'ambo ya daraja. Utamu unao wewe, mimi unanipeleka kubeba viatu mkononi? Nataka mtaa huo huo wako, ikiwezekana mkabala. Nikija nikae barazani kwangu nikutazame, na wewe unione nakutazama. Nitafutie huko.

Mke Mkubwa


Tarehe 17 Machi

Dada mkubwa,

Shikamoo. Naomba kwa hili moja unisikilize.

Mtaa huu haufai. Jenereta ya hospitali ikiwaka hatusikilizani, tunaombana chumvi kwa ishara. Magari ya wagonjwa yanapita yakilia, mbwa wanayaitikia. Maji yana harufu ya dawa. Mende wa hapa wamezoea sumu, wanaisubiri kama chakula cha jioni. Na watu ni wagomvi, wanagombania kamba ya kuanikia mpaka nguo zinakauka mikononi mwao.

Nimekutafutia mwingine, mtaa wa karibu na chuo. Wanaopanga ni walimu, si wanafunzi. Nimepima madirisha ya nyumba tatu huko na wote walilipa kabla sijakata kitambaa. Maji yapo, barabara ina mfereji. Ni mzuri kuliko huu wangu, mara mbili. Hapo sharti lako limetimia, si ndivyo?

Hii nyumba ninayokaa si kitu cha kutazamwa na mtu barazani. Baraza lake wala si jekundu.

Mdogo wako,
Mke Mdogo


Tarehe 29 Machi

Mheshimiwa Bibi,

Mimi ni dalali wa nyumba. Dereva wa basi uliyemtuma amenipa agizo lako la nyumba mtaa wa nyuma ya hospitali, na nina furaha kukujulisha kuwa ipo moja, tena ndiyo bora ya mtaa mzima.

Ina vyumba sita na kimoja cha uani. Vile sita vyote vina manesi na watu wa maabara. Maji ya bomba yapo ndani. Mwenye nyumba amezeeka, anahamia kwa wanawe, na wanawe wanataka iuzwe upesi.

Tatizo ni dogo. Katika kile chumba cha uani yuko mama mmoja mjane, mshona mapazia. Mumewe alikuwa fundi wa friji, kiwanda cha barafu. Walipanga hapo tangu ujana wao na mjane hajahama, bado analipa kodi ya zamani, mwenye nyumba anamwonea haya. Ukinunua, tunamtoa mara moja, tunavunja chumba hicho na kujenga viwili vya kisasa. Nilimwendea nimtayarishe. Nilipomtajia mnunuzi anatokea mji gani, aliendelea kushona.

Nasubiri jibu lako.

Wako mtiifu,
Dalali


Tarehe 5 Aprili

Wewe,

Weka mkasi chini.

Chumba. Tena kimoja. Tena cha uani!

Barua ya dalali muuza dawa alipofika kwenye fundi wa friji alijifanya anafuta miwani. Nikamwambia soma, mimi si mgonjwa wako. Akasoma. Nikamwambia rudia. Kisha nikamfukuza, nikakaa peke yangu sebuleni, mikono inatafuta unga wa kukanda na unga wenyewe haupo.

Hivi mimi nimemwonea wivu nani? Niambie. Niliamka mapema kuliko majirani wote, nikachoma mikate mpaka nyusi zikaungua, nashindana na baraza ambalo halipo. Nilinunua kabati la vioo kwa sababu nilijua wewe unalo. Je, unalo? Unaliweka wapi, kichwani? Nilibadilisha bati wakati la zamani halijavuja! Mwanangu akiumwa, akichelewa kulipiwa shule, nasema moyoni, pesa iko kwenye kuta za yule mwanamke.

Siku ya mazishi nilikwambia mbele ya watu wote, “Nenda kakae kwenye nyumba aliyokujengea.” Ukainamisha kichwa, ukafunga mtandio, ukapanda basi. Nilifurahi wiki nzima. Sasa hiyo furaha niiweke wapi? Inaniwasha.

Ulikuwa unafaidi nini kuniacha na nyumba hewa? Ungefungua mdomo tu. “Dada, sina nyumba.” Maneno matatu. Ningekucheka, ndiyo. Ningekucheka mpaka nikae chini. Kisha ningekupa mkate.

Nirudishie wivu wangu. Nimeulea kuliko baadhi ya watoto.

Na jambo jingine. Dalali anasema nikitaka unatolewa. Sijamjibu. Kwanza nijibu wewe: hiyo nyumba ni nzuri au si nzuri? Usinipe habari za mende. Wanangu wananisubiri na karatasi za lori mkononi, na hiki nilichonacho benki ndicho uzee wangu wote. Nikikosea sina tanuri la kurudia.

Mke Mkubwa


Tarehe 16 Aprili

Dada mkubwa,

Shikamoo. Muuza dawa naye nampa pole.

Unauliza nilifaidi nini. Nilifaidi nyumba. Yeye hakuweza kunijengea, ukanijengea wewe, tena kwa saruji nyekundu. Nikija huko kwenye misiba na harusi, ndugu zake wote wananipisha, wananiita mama mwenye nyumba ya mjini. Mimi sikupata mtoto, dada. Kuta sikupata. Mtu akinisukumia nyumba kwa hasira mbele ya watu, niikatae? Niliivaa nikaenda nayo. Tena nilijua rangi ya mlango kabla hujaniandikia, maana wifi yetu alikwishaniuliza kwa nini nilichagua kijani.

Saruji ya kwenye kucha ilikuwa ya kiwandani. Sakafu ya kiwanda cha barafu inapasuka kila mara, na mafundi wa friji ndio wanaoiziba. Pesa unayoitafuta kwenye kuta zangu ilikuja kwako. Bahasha ya mwisho wa mwezi nilikuwa naifunga mimi, yeye alikuwa na mikono ya grisi.

Na wewe usidhani wivu ulikuwa wako peke yako. Akifunga begi kuja kwako alikuwa anasema, “Nakwenda nyumbani.” Na akiondoka kwako kuja huku, wifi yetu aliniambia, alikuwa anasema, “Narudi kazini.” Mimi nilikuwa kazini, dada. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa kazini.

Sasa mnunuzi ajibiwe. Nyumba ni nzuri. Hivi ndivyo ningekuandikia tangu mwezi wa pili kama ningekuwa na moyo mkubwa. Madirisha yote ya mbele nimeyashonea mimi na mapazia ni yale yale, yamepauka na wenyewe wamo. Nesi wa chumba cha kwanza ameolewa humo, akazaa humo. Akihama mmoja, anayefuata ameshaletwa na mwenzake wa zamu. Maji yapo kweli. Jenereta inawaka umeme ukikatika tu, na tunapata taa ya bure ya ukutani kwao. Wagomvi hakuna. Kamba ya kuanikia tunapeana zamu.

Dalali hakukwambia kwamba bati la upande wa tangi limeoza na ukuta wa jikoni unanyonya maji. Mshushe bei kwa hilo, atakubali, wana wa mwenye nyumba wana haraka. Asikutajie habari ya kupaka rangi. Rangi inaficha tu.

Nunua. Usiwape watoto lori.

Ila kodi yangu hutaishika. Nimekuwa chini yako maisha yote, mke mdogo, mdogo wako, shikamoo. Kuwa mpangaji wako siwezi. Barua hii ikifika nitakuwa nimehamia kwa mdogo wangu ng'ambo ya daraja na cherehani yangu. Ufunguo nimemwachia nesi wa mbele.

Mdogo wako,
Mke Mdogo


Tarehe 20 Mei

Mke mwenzangu,

Safari hii anayeandika ni nesi wa chumba cha mbele. Ana mwandiko mzuri na hashangai ovyo, ameshaona matumbo ya watu.

Nimenunua. Nimekuja mwenyewe kwa basi, magoti yakilia njia nzima. Dalali nilimpeleka moja kwa moja kwenye bati la upande wa tangi, nikamwonyesha kwa fimbo, akauliza nani kaniambia. Nikamwambia nina mtu wangu mjini. Bei imeshuka. Mwanangu wa kwanza hasemi na mimi, anasema na mlango. Atazoea.

Nimetembea mtaa wote. Umeueleza sawasawa ulipotaka.

Kisha nikaomba ufunguo wa uani. Nikwambie ukweli, nilikuja na huruma yangu tayari, nimeikunja vizuri kama nguo ya wageni. Nilisema nitaingia, nitaona dhiki yako, nitalia kidogo, nitakusamehe, nitarudi nyumbani mtu mwema. Nikafungua. Kweli, chumba hakina hata pa kugeuzia punda. Huruma ikaanza kupanda.

Ndipo nikaona kitanda. Umekiacha. Nesi akaniambia hakitoki, marehemu alikipigilia humo humo, kimegusa kuta tatu, mlango ni mwembamba. Magoti yalikuwa yanauma, ilikuwa mchana wa jua kali, nikasema nijilaze kidogo.

Mke mwenzangu, hicho kitanda ni chembamba.

Kwangu unakijua kitanda chetu. Kipana, cha mbao nzito, alikinunua tulipooana. Analala ukingoni kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata. Kati yetu ungeweza kuanika mikate. Nilidhani ndivyo alivyo, kuna watu hawapendi joto. Hapa kwako hakuna ukingo. Wa ukutani akitaka maji lazima amvuke wa nje. Mmoja akigeuka, na mwingine anageuka. Akikohoa, kitanda kinakohoa. Yule mtu, kwenye hiki kitanda, miaka yote hiyo, alikuwa akigeuka na wewe. Na hakukipanua. Fundi mzima, mwenye msumeno na misumari, hakuongeza hata ubao mmoja!

Baraza ningekusamehe. Madirisha mawili ningekusamehe. Nimelala humo nikitazama dari, wivu wangu ukarudi wote, tena umekuja na wadogo zake. Nesi aliponigongea kuniuliza kama nimepata nafuu nilimwambia aniache, nina kazi.

Kwa hiyo sikuhurumii. Sahau. Wala sina sadaka ya kukupa. Chumba hakivunjwi, dalali nimemwambia akikigusa nitamvunja yeye. Kodi ni ile ile ya zamani, utailipa mwisho wa mwezi kama wenzako, na ukichelewa nitapiga kelele mtaa mzima usikie. Shikamoo usinipe kama haitoki moyoni. Umesema hutaki kuwa chini yangu. Mimi mwenyewe niko chini yako tangu jana saa nane mchana, na sijui nitatokaje.

Nyumbani sirudi kwanza. Vile vya mbele vyote vina watu na siwezi kumtoa nesi wa watu, kwa hiyo nalala humu humu. Jana nililala upande wa nje, leo nimelala wa ukutani, na pote sijatulia, maana sijui upande wake ulikuwa upi, na nesi hajui. Unajua wewe tu.

Njoo unitoe.

Mke mwenzako